Kilo za Kwenye Boksi Si Kilo za Picha

Anga la Mwanhuzi, wilayani Meatu, wakati wa kiangazi ni utajiri ambao mpiga picha wa London au Dubai hupanda ndege kuufuata. Kuanzia Juni hadi Septemba kitovu cha Njia ya Maziwa hupita juu sana, zaidi ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Taa za mji ni chache, na wilaya ya Meatu imegusana na Pori la Akiba la Maswa, ambako hakuna mji wa kulifanya anga kuwa jeupe. Vijana wenye kamera wameanza kuliona jambo hili, na swali lao la kwanza ni moja: ninunue darubini gani?

Majibu wanayopewa na wauzaji, na hata na wenzao waliotangulia, yana madai yanayojirudia. Mengi yanahusu uzito: darubini ya kilo ngapi ikae juu ya mashine ya kubeba kilo ngapi. Nayajibu hapa dai kwa dai, kwa sababu fedha inayotokana na msimu mzima wa pamba haistahili kuishia kwenye mzigo unaotoa picha za nyota zilizovutika kama vijiti.

Kwanza tuelewane juu ya kifaa chenyewe. Maunti ni mashine inayokaa juu ya stendi ya miguu mitatu, ikaibeba darubini na kuigeuza polepole kufuata nyota. Maunti ya kupigia picha huwa na mhimili unaolazwa sambamba na mhimili wa dunia, nao huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Uzi mmoja wa anga hugawanywa katika dakika 60 za tao, na kila dakika katika sekunde 60 za tao. Nyota husogea karibu sekunde 15 za tao katika kila sekunde ya saa. Mpiga picha anaiomba maunti iende kwa mwendo huo dakika nzima, au dakika 5, bila kukosea zaidi ya sekunde chache za tao. Kila ninachosema hapa chini kinatokana na ombi hilo gumu.

Dai la 1: "Boksi limeandikwa kilo 20, kwa hiyo darubini ya kilo 20 itafaa."

Namba ya kwenye boksi si ya uongo. Inasema mashine inaweza kuubeba mzigo huo, ikaugeuza, na gia zisivunjike. Haisemi mzigo huo utatulia kiasi cha kupigwa picha. Mkokoteni wa ng'ombe hufikisha magunia ya pamba ghalani bila taabu, lakini ukiupakia beseni la maziwa lililojaa hadi ukingoni, utalifikisha limemwagika nusu. Nguvu ni jambo moja na utulivu ni jingine.

Tena hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wamekubaliana wakitumie. Mmoja hutaja mzigo wa mtu anayetazama kwa jicho, mwingine hutaja mzigo wa kupigia picha, na mwingine hutaja namba bila kueleza. Jicho husamehe: nyota ikitikisika kidogo na kutulia, ubongo hausumbuki. Kihisi cha kamera hakisamehi, kwa sababu hukusanya kila mtikisiko wa dakika nzima na kuuweka kwenye picha moja.

Ndiyo maana wapiga picha wengi hujiwekea mpaka wa nusu hadi theluthi mbili ya kilo zilizoandikwa. Na wanapojumlisha hujumlisha kila kitu, si bomba la darubini peke yake. Chukua bomba la Newton lenye kioo cha milimita 200 na umbali wa fokasi wa milimita 1,000. Pamoja na pete zake lina takriban kilo 9. Ongeza kamera, lenzi ya kurekebisha pembe za picha, darubini ndogo ya mwongozo na kamera yake, reli ya kufungia na nyaya. Umefika karibu kilo 12.

Sasa weka mzigo huo juu ya Advanced VX ya Celestron, inayotajwa kubeba kilo 13.6. Umetumia karibu asilimia 90 ya uwezo wake. Kutazama utatazama, picha utazitupa nyingi. Weka mzigo uleule juu ya EQ6-R Pro ya Sky-Watcher, inayotajwa kubeba kilo 20, na umetumia asilimia 60. Hapo ndipo mazungumzo ya picha yanaanza. Muuzaji aliyekuambia kwamba zote mbili "zinabeba" hakukudanganya. Alijibu swali ambalo siyo lako.

Dai la 2: "Basi nigawanye kilo kwa mbili, hesabu imekwisha."

Kugawanya kwa mbili ni mwanzo mzuri, lakini mizani haioni umbo. Mabomba mawili yenye kilo sawa yanaweza kuwa mizigo tofauti kabisa kwa maunti, kwa sababu kinachoisumbua ni umbali wa uzito huo kutoka kwenye mhimili. Ugumu wa kukigeuza na kukisimamisha kitu hukua kwa mraba wa umbali huo. Bomba lenye urefu wa mita 1, likilinganishwa na lenye sentimita 45 na uzito uleule uliosambaa sawasawa, ni gumu karibu mara 5 zaidi kulituliza. Kamera inayoning'inia mwishoni mwa bomba refu ina madhara kuliko kilo zake zinavyoonyesha.

Halafu kuna upepo. Bomba la Newton la milimita 200 ni kama tanga: karibu sentimita 90 kwa 23. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake juu ya bomba huwa mara nne, na sehemu ya nguvu hiyo inayoshika kwenye ncha ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kuligeuza bomba. Meatu ni nchi ya tambarare yenye miti iliyotawanyika; kiangazi upepo hauna cha kuuzuia. Anayepiga picha nyuma ya ukuta wa nyumba na anayepiga katikati ya shamba lililokwisha kuvunwa hawana kikomo kimoja cha uzito, hata wakiwa na vifaa vilevile.

Kwa hiyo uliza maswali matatu kwa pamoja: kilo ngapi, urefu gani, na nitasimama wapi. Bomba fupi na nene la kilo 9 linaweza kuvumilia theluthi mbili ya uwezo wa maunti. Bomba refu la kilo 9 mahali pa upepo afadhali libaki chini ya nusu.

Dai la 3: "Uzito ni uzito, kilo zilizoandikwa kwa ajili ya Ulaya ni zilezile hata Meatu."

Hili ndilo dai ambalo sijaona likijibiwa vya kutosha, nalo linatuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Mwanhuzi iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta. Mhimili wa maunti lazima uelekee ncha ya kusini ya anga, na ncha hiyo kwetu iko nyuzi 3 na nusu tu juu ya upeo wa macho. Maana yake mhimili unalala, karibu sambamba na ardhi. London unasimama kwa nyuzi 51 na nusu.

Tazama kinachotokea. Darubini na mawe ya mizani hukaa kwenye ncha ya mbele ya mhimili. Mhimili ukisimama kama London, sehemu kubwa ya uzito huo hushuka kuelekea katikati ya stendi. Mhimili ukilala, uzito wote hujitokeza mbele, upande wa kusini. Kwa mzigo uleule, nguvu inayojaribu kuinamisha kichwa cha maunti mbele na kubana skrubu za kurekebisha latitudo ni karibu mara 1.6 ya ile ya London. Kilo hazikubadilika; mwinamo ndio uliobadilika. Skrubu ikinywea kidogo usiku unavyosonga, mhimili unaacha kuelekea kwenye ncha, na kila picha inayofuata ni mbaya kuliko iliyotangulia.

Jambo la pili: si kila maunti inakubali kulala kiasi hicho. EQ6-R Pro imetengenezwa kwa latitudo za nyuzi 10 hadi 65, na Advanced VX kwa nyuzi 7 hadi 77. Zote mbili hazifiki Mwanhuzi bila msaada. Dawa yake ni kuiinamisha stendi nzima. Kwa maunti inayokomea nyuzi 10 unahitaji kuinamisha nyuzi 6 na nusu kuelekea kusini, yaani tofauti ya karibu sentimita 11 kwa kila mita kati ya mguu wa kusini na ile miwili ya kaskazini. Wengi huingiza matofali chini ya miguu ya kaskazini. Afadhali kufupisha mguu wa kusini, kwa sababu stendi fupi hutikisika kidogo kuliko ndefu. Lakini njia zote mbili zinaongeza kuinamia upande uleule ambao uzito tayari umejitokeza. Ning'iniza mfuko wa mchanga upande wa kaskazini wa stendi, na usijaribu kamwe kubeba theluthi mbili ya uwezo wa maunti iliyoinamishwa hivyo. Nusu ndiyo mwisho.

Jambo la tatu ni fimbo ya mawe ya mizani. Mhimili ukilala, fimbo hiyo huning'inia wima mbele ya stendi, na mguu ulioelekea kusini unaigonga. Ukiuzungusha mguu huo ili fimbo ipite katikati ya miguu miwili, stendi inapoteza nguzo yake upande ule hasa inakotaka kuangukia. Suluhisho safi ni kipande cha bomba kinachoinua maunti juu ya stendi, ili fimbo iwe na nafasi ya kupita huku mguu ukibaki kusini. Anayenunua vifaa kwa ajili ya mkoa wetu wa Simiyu akinunue kipande hicho pamoja na maunti, au aende kwa fundi wa kuchomelea amtengenezee.

Na kwa kuwa ncha ya anga kwetu imezama katika vumbi, miti na mapaa, huwezi kulenga kwa kuchungulia nyota ya ncha kama wanavyofanya watu wa kaskazini. Utalenga kwa kutazama nyota zinavyoteleza: nyota iliyo karibu na utosi itakuambia kosa la kushoto na kulia, na nyota iliyo chini mashariki au magharibi itakuambia kosa la juu na chini. Kazi hii huhitaji maunti ambayo haisogei unapoigusa. Ukizidisha uzito, utarekebisha hadi asubuhi.

Dai la 4: "Mawe ya mizani ni mzigo pia, kwa hiyo weka jiwe dogo mwishoni mwa fimbo."

Kwa kawaida watengenezaji hawahesabu mawe ya mizani ndani ya kilo wanazotaja. Namba ni ya darubini na vilivyofungwa juu yake. Kwa hiyo hofu ya kutumia jiwe zito haina msingi, na ushauri wa kutumia jiwe dogo mbali na mhimili unaharibu kile ulichotaka kulinda.

Fanya hesabu. Mzigo unaohitaji kusawazishwa unaweza kusawazishwa kwa jiwe la kilo 5 lililo sentimita 40 kutoka mhimili, au kwa mawe ya kilo 10 yaliyo sentimita 20. Kwenye mizani ni sawa: 5 mara 40 ni 200, na 10 mara 20 ni 200. Lakini ugumu wa kugeuza hufuata mraba wa umbali: 5 mara 1,600 ni 8,000, na 10 mara 400 ni 4,000. Mawe mazito yaliyo karibu yanaipa injini nusu ya kazi, upande huo, katika kuanza, kusimama na kutulia baada ya upepo. Kwetu yana faida nyingine: fimbo fupi haigongi mguu wa stendi.

Dai la 5: "Nikifunga kamera ya mwongozo, itasahihisha kila kitu."

Kamera ya mwongozo hutazama nyota moja au zaidi, ikaona imeteleza, ikaiambia injini irudi. Ni msaada mkubwa, nami namshauri kila anayetaka picha za dakika kadhaa awe nayo. Ila ijulikane inasahihisha nini. Ndani ya maunti ya kawaida kuna skrubu inayosukuma gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 180, skrubu humaliza mzunguko mmoja kwa karibu dakika 8, na kasoro ndogo za skrubu huirudisha nyota mbele na nyuma kwa mwendo huo wa polepole. Kosa kama hilo kamera ya mwongozo huliona mapema na kulisahihisha vizuri, kwa sababu kila sekunde 1 hadi 3 inatuma amri mpya.

Mtikisiko wa bomba zito lililopigwa na upepo haungoji sekunde 3. Unakuja na kwenda ndani ya sekunde moja, na amri ya kusahihisha inafika wakati nyota imekwisha kurudi mahali pake. Sasa amri yenyewe inaitoa tena. Vilevile mwanya uliomo kati ya meno ya gia huonekana zaidi mzigo ukiwa mkubwa na haujasawazishwa vizuri: injini inageuka, mzigo hauendi, kisha unaruka. Na kama bomba kuu limelegea ndani ya pete zake kwa uzito, darubini ya mwongozo haitajua, kwa sababu yenyewe imekaa imara inatazama nyota yake bila kasoro. Picha itavutika huku grafu ya mwongozo ikionekana nzuri.

Kamera ya mwongozo huifanya maunti nzuri kuwa bora. Maunti iliyozidiwa haiiponyi.

Dai la 6: "Anga letu ni zuri, linastahili darubini kubwa."

Dai hili lina heshima ndani yake, na ndiyo sababu nataka kulijibu kwa uangalifu. Anga la Meatu linastahili picha nzuri. Je, darubini kubwa ndiyo itakayozitoa?

Ukubwa wa anga unaoingia kwenye pikseli moja unapatikana hivi: zidisha 206.265 kwa ukubwa wa pikseli katika maikromita, kisha gawanya kwa umbali wa fokasi katika milimita. Kamera nyingi za DSLR zinazouzwa mitumbani zina pikseli za maikromita 4 na kitu, tuchukue 4.3. Kwa lenzi ya milimita 200 kila pikseli inashika sekunde 4.4 za tao. Kwa darubini ya milimita 1,000 inashika sekunde 0.9. Sasa maunti ikikosea sekunde 4 za tao, kosa dogo sana kwa mashine ya bei nafuu, kwenye lenzi ya milimita 200 nyota inasogea chini ya pikseli moja na hakuna atakayegundua. Kwenye darubini ya milimita 1,000 inasogea zaidi ya pikseli 4, na nyota inakuwa yai. Darubini kubwa inaongeza mzigo na wakati huohuo inapunguza msamaha. Hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Na vitu vyenyewe vinataka nini? Mwezi mpevu una nusu uzi. Wingu la gesi la Carina lina karibu nyuzi 2, Nebula ya Orioni inazidi uzi 1, Kilimia na ukungu wake vinataka nyuzi 2, na Wingu Kubwa la Magellan linakaribia nyuzi 10. Kihisi cha kawaida cha DSLR kikiwa nyuma ya milimita 1,000 huona nyuzi 1.3 kwa 0.85. Kikiwa nyuma ya milimita 200 huona zaidi ya nyuzi 6 kwa 4. Hazina za anga la kusini ni pana, na lenzi ya kilo 1 inazitosheleza. Maunti ndogo kama Star Adventurer ya Sky-Watcher, inayotajwa kubeba kilo 5, inaubeba mzigo wa lenzi na kamera kwa chini ya nusu ya uwezo wake.

Kuna jambo la mahali petu la kuongeza. Orioni hupita karibu na utosi wa Mwanhuzi, na iko kwenye ikweta ya anga, mahali ambapo nyota hukimbia kwa kasi yote ya sekunde 15 za tao na kila kosa la gia huonekana kamili. Wingu Kubwa la Magellan liko karibu na ncha ya kusini, na kosa lilelile la gia huonekana kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Anayeanza na maunti ndogo anaweza kupata picha ndefu safi ya Magellan kabla hajaiweza Orioni kwa lenzi ileile. Usiku mmoja ukishindwa kwenye Orioni, usiidhanie maunti ni mbovu. Geukia kusini uijaribu tena.

Dai la 7: "Darubini inayoonyesha vizuri, inapiga picha vizuri."

Afrika Mashariki tuna mfano mzuri wa darubini kubwa iliyofanya kazi yake sawasawa. The Travelling Telescope, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2014 na Susan Murabana na mwenzake Daniel Chu Owen, imezungusha darubini ya kioo cha inchi 12 mashuleni, na watoto wengi wameona kwa macho yao pete za Zohali na miezi ya Mshtarii. Shule yoyote ya Meatu ingebarikiwa na darubini kama hiyo.

Lakini darubini kama hiyo, ya aina ya Dobson, hugeuka kulia na kushoto, juu na chini. Hata ikiwa na injini, nyota ya katikati inabaki katikati huku nyingine zikiizunguka, na picha ya dakika kadhaa hutoka na duara za mistari. Kwa mwezi na sayari haina shida, kwa sababu picha hizo ni za sehemu ndogo ya sekunde. Ndivyo ilivyokuwa pia Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete: kwa kichujio salama cha jua, kamera kwenye stendi ya kawaida ilitosha, kwani mwanga ulikuwa mwingi na picha fupi. Anayetaka sayari na kupatwa kwa jua asijisumbue sana na kilo za maunti. Anayetaka mawingu ya gesi na magalaksi hana njia ya kuzikwepa. Shule inayoomba msaada wa darubini iseme wazi inataka kipi, maana mfadhili atatuma kinachoonekana kikubwa.

Dai la 8: "Bila maunti ya kutoka nje, hakuna picha."

Hili linakatisha tamaa bila sababu. Mbao mbili, bawaba imara na skrubu ya M6 vinatosha kuanza. Skrubu ya kawaida ya M6 husogea milimita 1 kwa kila mzunguko. Iweke milimita 228.5 kutoka kwenye bawaba, izungushe mara moja kwa dakika, na ubao wa juu utafunguka kwa mwendo wa dunia. Elekeza bawaba kusini, ukiinua ncha yake nyuzi 3 na nusu. Seremala wa Mwanhuzi ataona kazi hii ni rahisi kuliko mwenzake wa Ulaya, kwa sababu bawaba yetu inalala karibu tambarare.

Kwa lenzi ya milimita 35 na kamera ile ya pikseli za maikromita 4.3, kila pikseli inashika sekunde 25 za tao. Hata ukikosea kuelekeza kwa uzi mzima, nyota haziwezi kuteleza zaidi ya sekunde 16 hivi za tao kwa dakika, chini ya pikseli moja. Mzigo mwepesi, lenzi fupi, kosa halionekani: kanuni ileile inayotawala mashine za mamilioni inafanya kazi kwenye mbao. Na fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti anaweza kusimika bomba nene la chuma ndani ya zege shuleni, juu yake bamba lililokwisha kuinamishwa kwa latitudo yetu. Nguzo hiyo haiinamii, haigongwi na fimbo, na haitegemei udongo mweusi wa mbuga ambao kiangazi hupasuka na masika huvimba. Maunti ya wastani juu ya nguzo kama hiyo hubeba mzigo wa picha kwa utulivu kuliko maunti kubwa juu ya miguu mitatu iliyosimamishwa shambani.

Kutokana na yote haya, mpangilio wa kununua unajitokeza wenyewe. Anza na lenzi uliyonayo na mbao. Fedha ikipatikana, nunua maunti kwanza, ukiwa umeuliza latitudo ya chini kabisa inayoikubali. Darubini ije baadaye, na mzigo mzima usizidi nusu ya kilo zilizoandikwa. Kabla hujamlaumu mtu, ligonge bomba kidogo kwa kidole huku ukitazama nyota kwenye kioo cha kamera: mtikisiko ukikawia zaidi ya sekunde 2, punguza mzigo au fupisha miguu. Kisha piga picha 20 za dakika moja moja na uhesabu ngapi zina nyota za duara. Hesabu hiyo ndiyo uwezo halisi wa maunti yako, mahali pako, kwa upepo wako.

Muuzaji atakuonyesha bomba kubwa, kwa sababu bomba ndilo linaloonekana dukani. Wewe muulize kinacholibeba. Kijana wa Meatu mwenye lenzi ya milimita 135 juu ya maunti imara anaweza kutoa picha ya Njia ya Maziwa ambayo mwenye darubini ya mamilioni chini ya taa za mji mkubwa hawezi kuipata. Anga tumepewa bure. Kazi yetu ni kuacha kulitikisa.